Chora, Kisha Andika: Namna ya Kupima Uelewa wa Wanafunzi kwa Mchoro na Maneno

Mwalimu mwenzangu, chukua swali hili la sayansi: "Taja hatua za mzunguko wa maji." Darasa la Tano la shule yoyote hapa Dodoma litakujibu bila kusita. Jua hupasha maji joto, maji huwa mvuke, mvuke hupanda na kuwa mawingu, mvua hunyesha. Utatia vema karatasi baada ya karatasi.

Sasa waulize wanafunzi haohao: "Maji ya kisima cha shule yetu yametoka wapi? Chora, kisha andika." Hapo utaona mengine. Kuna atakayechora bomba refu kutoka baharini mpaka kijijini. Kuna atakayechora ziwa kubwa chini ya madarasa, na samaki ndani yake. Wengi watachora mvua upande huu wa karatasi na kisima upande ule, bila mstari wowote unaoviunganisha. Majibu yao ya kwanza yalikuwa sahihi yote, na bado hawajui.

Mwongozo huu unahusu namna ya kuuliza swali la aina hiyo ya pili, kuliendesha darasani hata kama una watoto tisini, na kuzisoma karatasi zitakazorudi. Hiyo sehemu ya kuzisoma ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, maana ndiyo yenye faida na ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Kwa nini vyote viwili

Maneno hukaririka. Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri huandika ufafanuzi mzima wa kitabu huku kichwani hana picha yoyote. Mchoro unamlazimisha aamue: kitu hiki kiko wapi, kimeungana na nini, kinaelekea upande gani. Hawezi kukwepa.

Lakini mchoro mtupu nao unaficha. Nenda Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Utaona watu wembamba warefu, wanyama, mistari myekundu. Wataalamu wameikagua kwa miongo mingi na mpaka leo hawajakubaliana waliochora walikusudia kusema nini, kwa sababu hawakuacha maandishi. Mchoro wa mwanafunzi wako usio na neno hata moja utakuweka katika hali hiyohiyo ya kukisia. Kile kiduara ni tone la maji, ni jiwe, au ni nyanya?

Iko na sababu ya lugha. Bahi, Chamwino, Chemba na Kondoa tunapokea watoto ambao nyumbani ni Kigogo, Kirangi, Kisandawe au Kiburunge, na Kiswahili cha kuandikia wanakikuta darasani. Ukipima kwa maandishi tu, unampima Kiswahili chake na kukiita sayansi. Mchoro humpa nafasi ya kuonesha anachokijua, na maneno machache yanayofuata hukuonesha ni msamiati gani bado anauhitaji. Walimu wa sekondari wanalijua tatizo hili zaidi, kwani Kidato cha Kwanza wanafunzi hubadilishiwa lugha ya masomo yote karibu kwa siku moja. Kwao nashauri majina ya sehemu za mchoro yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, kisha Kiingereza kiandikwe pembeni.

Njia yenyewe si ngeni duniani. Huko Uingereza Noreen Wetton na wenzake waliikuza katika elimu ya afya, wakitaka kujua watoto wadogo wanaamini nini kabla hawajafundishwa. Kwetu inaingia vizuri katika upimaji endelevu unaodaiwa na mtaala, ule wa kuangalia umahiri badala ya kumbukumbu.

Hatua ya 1: Tafuta swali ambalo kitabu hakijalichora

Usiseme "Chora mzunguko wa maji." Watakuchorea kielelezo cha kitabuni, na bahari ambayo wengi wao hawajawahi kuiona, na mishale minne. Utakuwa umepima uwezo wa kunakili.

Swali zuri lina vitu viwili. Kwanza, linahusu kitu kisichoonekana kwa macho au kinachobadilika: ndani ya tumbo, chini ya ardhi, kabla na baada. Pili, linagusa mahali ambapo mtoto anaishi. Maji ya kisima yametoka wapi? Mzabibu mpya huanzaje? Ugonjwa wa vikope humfikiaje mtu? Mtama unaoliwa leo asubuhi unakwenda wapi mwilini? Ardhi ya Kondoa ilimomonyokaje mpaka yakapatikana makorongo yale? Kwa hisabati: mikate mitatu igawiwe watoto wanne sawasawa, onesha ulivyogawa na ueleze.

Kuna maswali yasiyofaa kabisa kwa njia hii. "Taja wilaya za Mkoa wa Dodoma" halihitaji mchoro. Usilazimishe.

Hatua ya 2: Lijibu wewe kwanza

Chukua karatasi uchore jibu lako, kisha uandike pembeni mawazo makuu matano unayotaka kuyaona. Ukiona wewe mwenyewe umekwama kuchora, swali ni gumu mno au unahitaji kurudi kitabuni kabla ya watoto.

Kwa swali la kisima, mawazo matano yangu ni haya. Mvua hunyesha hapa na kwenye vilima vya jirani. Maji yake hugawanyika: mengine hutiririka korongoni, mengine hurudi hewani, mengine huzama. Yaliyozama hukaa kwenye nafasi ndogondogo za mchanga na nyufa za miamba, si kwenye ziwa. Kisima kinafika kwenye tabaka hilo na pampu huyainua. Tena maji hayo hupungua tukivuta mengi kuliko yanayoingia.

Wazo la tano ndilo ningependa kila mtoto wa Dodoma atoke nalo shuleni. Mkoa wetu hupata mvua ya msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, kwa kawaida kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka. Jiji limetegemea kwa miaka mingi visima vya bonde la Makutupora. Vipimo vya kina cha maji vilivyochukuliwa huko kwa zaidi ya miaka 50 vimeonesha kwamba akiba ya chini ya ardhi haijazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa zaidi na ile misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, ikiwamo ya El Niño. Mtoto anayechora ziwa lisilokwisha chini ya shule hana sababu ya kufunga bomba.

Na uwe mwangalifu na haki. Mvuke kutoka Bahari ya Hindi kweli huletwa na upepo hadi huku bara, hivyo aliyechora bahari, mawingu na upepo hajakosea. Aliyechora bomba ndiye anayehitaji msaada. Bila kuwa umefikiria hili mapema, utawakosesha wote wawili.

Hatua ya 3: Vifaa

Hapa sitakuchelewesha. Karatasi ya A4 ikatwe katikati. Darasa la watoto 90 litatumia karatasi 45, kwa hiyo rimu moja ya karatasi 500 itakutosha mara kumi na moja. Kama rimu haipo, kurasa za katikati ya daftari zinafaa, au upande wa nyuma wa karatasi za mitihani ya zamani. Kwa wadogo kabisa, hata mchanga uliosawazishwa uwanjani na kijiti unafaa, ila hapo lazima upite ukisikiliza na kuandika, kwa sababu ushahidi utafutika.

Penseli moja inatosha. Rangi zinapendeza lakini hula muda, na anayezimiliki huonekana anajua zaidi. Ninazikataa katika upimaji. Ufutio pia uwekwe mbali: aliyekosea apige mstari mmoja juu ya kosa aendelee. Kosa lililopigwa mstari linaonesha njia ya mawazo yake, na ufutio ungelimeza.

Hatua ya 4: Kipindi chenyewe

Fanya hivi mara mbili, kabla ya mada na baada ya mada. Kama muda unakuruhusu mara moja tu, chagua kabla, maana hapo bado unaweza kubadilisha andalio lako la somo.

Funika au ondoa chati ukutani. Vitabu viwekwe chini ya madawati. Usichore chochote ubaoni, hata mfano mdogo wa kuwasaidia, kwani utaukuta kwenye karatasi sabini. Andika swali ubaoni kwa maneno mafupi, lisome mara mbili, na mwombe mwanafunzi mmoja alieleze kwa namna yake. Panapohitajika, aeleze kwa lugha ya nyumbani.

Kisha waambie mambo matatu, na uyaseme kwa sauti ya upole: sitatoa alama kwa uzuri wa mchoro, huu si mtihani wa kufeli, nataka kujua wewe unafikiri nini, si jirani yako. Watoto waliozoea jibu moja sahihi hawataamini mara ya kwanza. Mara ya tatu wataamini.

Katika kipindi cha dakika 40 mimi hugawa hivi: dakika tano za kuelewa swali, kumi na tano za kuchora, tano za kuandika majina ya sehemu na mishale, kumi za kuandika sentensi, na zinazobaki za kukusanya. Utaratibu huo usigeuzwe. Anayeanza kwa kuandika huandika alichokariri, halafu hukipamba kwa picha. Anayeanza kwa kuchora hukutana na pengo lake mwenyewe na huanza kufikiri.

Kwa sentensi, mpe vianzio viwili au vitatu ubaoni: "Mchoro wangu unaonesha…", "Hii hutokea kwa sababu…", "Sina hakika kuhusu…". Kianzio cha tatu ni cha thamani kubwa. Mtoto wa Darasa la Tano anayeandika "Sina hakika maji yanapitaje kwenye mwamba" amekuandalia somo la kesho.

Hatua ya 5: Wapitie

Unapopita kati ya madawati, usiulize "Hiki nini?" kwa sauti inayoonesha kwamba huelewi. Sema, "Hebu niambie, mwanangu, hapa panaendelea nini?" Msikilize mpaka mwisho.

Kwa wa Darasa la Kwanza na la Pili, na yeyote ambaye bado anahangaika na kuandika, wewe ndiye kalamu yake. Andika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha, na uweke "M" pembeni kuonesha kwamba ni mwalimu aliyeandika. Akisema "maji yamelala chini," andika hivyohivyo. Ukimwandikia "maji yamehifadhiwa ardhini," umejipima wewe.

Kwa mtoto asiyeona au mwenye uoni hafifu, udongo wa kufinyanga au uzi uliobandikwa kwenye boksi hufanya kazi ya penseli, na maelezo atayatoa kwa mdomo au kwa maandishi ya nukta nundu. Wapo pia wazazi ambao kwa sababu za dini hawapendi mtoto achore sura ya mtu au mnyama. Waheshimu. Karibu kila swali hapa linaweza kuchorwa kwa mimea, vyombo, mikono na mishale.

Hatua ya 6: Kuzisoma karatasi

Hapa ndipo kazi ilipo. Usianze na kalamu nyekundu. Pitia karatasi zote haraka ukizigawa katika mafungu manne mezani.

Fungu la kwanza: mchoro na maneno vinakubaliana, na ni sahihi. Ziweke kando, hao watakusaidia kuongoza vikundi.

Fungu la pili: mchoro unajua kuliko maneno. Mfano mzuri ni swali la mzabibu katika vijiji vinavyolima zabibu kama Mpunguzi au Hombolo. Mtoto atachora kipande cha tawi chenye vifundo, nusu kimefukiwa, mizizi ikitoka kwenye kifundo cha chini na chipukizi kwenye cha juu. Halafu ataandika: "Unapanda mti unaota." Ukimsahihisha kwa maandishi atapata sifuri au moja. Kwa kweli anaijua njia ya kuotesha mimea bila mbegu kuliko wengi wetu, kwa sababu ameshika mkasi shambani na baba yake. Anachokosa ni maneno: pingili, kifundo, chipukizi. Mpe maneno hayo, ayaandike yeye mwenyewe kwenye mchoro wake, kisha aandike upya sentensi yake. Kazi ya dakika kumi.

Fungu la tatu ndilo linalonihuzunisha zaidi, na ndilo lisilogundulika kwa mtihani wa kawaida: maneno ni sahihi, mchoro unayakana. Chukua vikope, ugonjwa ulioisumbua Kongwa na maeneo mengine ya mkoa huu kwa miaka mingi. Mtoto anaandika vizuri kabisa: "Vikope huletwa na bakteria. Tunawe uso kwa maji safi." Tazama mchoro wake. Beseni, maji, watoto watatu wa nyumba moja wamenawa, na wote watatu wanajifuta kwa kanga moja ya mama. Uchafu wa macho huhamishwa na vidole, vitambaa vya kuchangia na inzi. Kwa hiyo mtoto huyu anajua sentensi ya kujikinga, ilhali picha aliyo nayo kichwani ni ya kuambukizana. Hakuna swali la kuchagua A, B, C au D ambalo lingekuonesha ile kanga.

Kwenye swali la kisima, fungu hili ni wale wanaoandika "maji huzama ardhini" na kuchora mistari ya mvua ikiishia juu ya udongo, ikakata hapo. Neno "huzama" wanalo, tukio hawana. Dawa yake si kurudia maelezo. Jaza kopo lenye matundu kwa changarawe na mchanga, mwaga maji juu, wasubiri wayaone yakitoka chini. Au watoe nje wakakumbuke visima vinavyochimbwa kwenye mchanga wa korongo wakati wa kiangazi: pale juu pakavu, ukifukua kidogo maji yapo. Yalifikaje?

Fungu la nne, vyote viwili vina upungufu. Usidhani kwamba wote hawajui. Mwite mmojammoja wakati wa mapumziko, mwambie akueleze kwa mdomo. Baadhi wataeleza vizuri kwa Kigogo au kwa mikono yao.

Baada ya kugawa, hesabu kila fungu. Kama la tatu ni kubwa kuliko mengine, tatizo liko kwenye ufundishaji wa mada ile, na njia ibadilike kwa darasa zima. Kama la pili ndilo kubwa, fundisha msamiati. Mwenye darasa kubwa asome kwa undani karatasi kumi na tano hivi kutoka mafungu mbalimbali, na nyingine azipitie tu.

Hatua ya 7: Alama, kama zinahitajika

Msimamo wangu: mara ya kwanza, kabla ya mada, usiweke alama kabisa. Baada ya mada, kama unahitaji kumbukumbu ya upimaji endelevu, tumia yale mawazo matano ya Hatua ya 2. Kila wazo lipate 0 kama halipo kokote; 1 kama limeonekana kwenye mchoro tu au kwenye maneno tu; 2 kama limeonekana kote na yanakubaliana. Jumla ni 10. Wazo likionekana kote lakini yanapingana, usikisie. Weka alama ya kuuliza, muulize mtoto, ndipo uamue.

Makosa ya tahajia yasipunguze alama hapa. Yaandike kwenye daftari lako la somo la Kiswahili.

Hatua ya 8: Kurudisha

Rudisha karatasi ndani ya siku mbili au tatu, wakati mtoto bado anakumbuka alichokuwa anafikiri. Juu ya kila karatasi andika swali moja tu, linalogusa pale mchoro na maneno vilipopishana. "Mvua hii ilifikaje kwenye kisima?" "Nani mwingine anatumia kanga hii?" Sentensi kama "Vizuri" au "Ongeza bidii" haimwambii afanye nini.

Kisha, baada ya somo, mpe kalamu ya rangi nyingine arekebishe karatasi ileile. Asichore mpya. Penseli ya mwanzo na wino wa baadaye vikiwa juu ya ukurasa mmoja, wewe, yeye na mzazi wake mnaona alipotoka na alipofika.

Jambo la tahadhari

Mtoto akichora anaweza kuonesha asichoweza kusema: kipigo, njaa, mgonjwa ndani, mtu anayemwogopa. Usiibandike karatasi hiyo ukutani, usiijadili kwenye ofisi ya walimu, na usimhoji mbele ya wenzake. Zungumza naye faraghani, msikilize bila kumwekea maneno mdomoni, na umhusishe mwalimu wa malezi na unasihi au ofisa ustawi wa jamii wa eneo lenu. Mchoro mmoja si ushahidi wa jambo, lakini ni sababu ya kutosha ya kumkaribia mtoto.

Kutunza

Tundika kwenye msumari mfuko mmoja wa karatasi ngumu kwa kila safu ya madawati, kila mtoto na fungu lake limebanwa kwa pini. Tarehe na swali viandikwe nyuma ya karatasi. Kwa mkutano wa wazazi, chagua karatasi mbili tu za kila mtoto, ya kabla na ya baada. Hata mzazi asiyejua kusoma atauelewa mchoro. Na mthibiti ubora wa shule anapokuja kukagua, mpe andalio la somo likiwa limebanwa pamoja na karatasi tatu kutoka fungu la tatu, na maelezo ya mstari mmoja ya ulichobadilisha kwa sababu yake.